Kutu, Rangi na Mali ya Mkulima

Yafaa tulikumbuke paa la ghala. Mvua zishukapo Matogoro, tangu Novemba hata Aprili, tundu moja la kutu latosha kuvundisha tumbaku ya moshi. Tumbaku iliyovunda hushuka daraja, naye alipaye hasara ni mkulima.

Wazee wetu walianza kuuza tumbaku kwa pamoja chini ya NGOMAT, chama cha Wangoni na Wamatengo kilichoandikishwa mwaka 1936. Wakati huo bati lilikwisha kupata kinga yake ya kwanza. Mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza, chuma kikasalimika. Lakini nayo ina mwisho wake, na ikiisha, ulinzi unaobaki ni rangi.

Kwa miaka mingi chuma kilipakwa kwanza rangi nyekundu ya risasi iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Ilizuia kutu vyema. Ila risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Siku hizi fosfati ya zinki hutumika badala yake.

Ubora nao haukuachwa uwe maneno ya muuzaji. Mwaka 1975 nchi yetu ilitunga sheria ya kuanzisha Shirika la Viwango. Mwaka 1998 likatoka kiwango cha kimataifa ISO 12944, kinachoyapanga mazingira kwa madaraja kadiri yanavyokula chuma. Pwani, penye chumvi hewani, chuma huliwa upesi kuliko huku kwetu milimani. Kiwango hicho chataka pia chuma kisafishwe kabla ya kupakwa, na unene wa rangi iliyokauka upimwe.

Hapo ndipo penye fundisho. Rangi bora ikipakwa juu ya kutu iliyolegea, hubanduka pamoja nayo, na fedha za wanachama zimepotea. Sisi hatununui tumbaku bila kuipanga madaraja. Kwa nini basi tupokee kazi ya rangi kwa kutazama mng'ao wake? Tukague alama ya ubora kwenye kopo. Tuhakikishe kutu imekwanguliwa kwa brashi ya waya. Tupake wakati wa kiangazi, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Ndipo tulipe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa hili ni letu sote.