Kodi ya Kichwa, Kipande na Bei ya Mkulima

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa wanachama waikumbuke mizigo waliyoichukua wazee wetu, maana mingine ingali mabegani.

Mwaka 1897 serikali ya Wadachi iliamuru kodi ya nyumba; huko mashambani ilikuwa rupia 3. Waingereza wakaiendeleza, pamoja na kodi ya kichwa. Kodi hizo hazikupima mali. Mwenye ng'ombe wengi na mwenye jembe tu walidaiwa kiwango kile kile kwa kila nyumba. Kwa tajiri lilikuwa jambo dogo. Kwa maskini ilikuwa safari ya miezi mingi kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge.

Huko alipewa kipande cha siku 30, wala hakulipwa ujira wake mpaka zitimie. Ujira wenyewe ulikuwa haba. Mwajiri alihesabu tumbo la mtu mmoja, akijua kuwa mke na watoto wanalishwa na shamba la nyumbani. Hivyo jembe la mkulima lilimchangia mwenye mkonge, na mchango huo haukuandikwa katika daftari lolote.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, kima cha chini cha mshahara kilianza kutumika Tanganyika nzima. Lilikuwa jambo la haki, lakini halikumfikia mkulima, kwa sababu mshahara wake ni bei ya mazao baada ya makato. Kodi ya kichwa nayo ilifutwa 1969, ikarudishwa kwa sheria ya 1982 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena 2003.

Mwaka 2017 kikomo cha ushuru wa mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ila mnunuzi huuhesabu kabla ya kutaja bei. Tena hutozwa juu ya bei yote, si juu ya faida: aliyevuna kwa hasara hukatwa sawa na aliyefanikiwa.

Basi na tuyatazame makato yetu wenyewe kwa jicho hilo hilo. Kila senti ikatwayo katika kilo iandikwe ubaoni, katika ghala la kila chama cha msingi, kabla ya mzani kufunguliwa. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ushirika uliundwa ili mzigo wa kila mmoja upimwe mbele ya wote.