Mfalme Aliyefungua Mlango

Leo tutafakari pamoja juu ya jirani yetu Mwislamu. Sokoni tunauziana naye, na katika misiba twazikana. Lakini tukiulizwa dini yake ilianzaje, wengi wetu twajibu kwa uvumi, hali amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo.

Muhammad alizaliwa Makka, Bara Arabu, karibu na mwaka 570. Nchi ile haikuwa ya waabudu sanamu peke yao. Wayahudi walikaa Yathrib, mji ulioitwa Madina baadaye, na Wakristo walikuwa Najran, upande wa kusini. Mapokeo ya Waislamu husimulia kwamba Muhammad alipoanza kupata ufunuo, mwaka 610 hivi, mkewe Khadija alitafuta shauri kwa jamaa yake Waraqa, mzee Mkristo aliyeyajua Maandiko.

Wafuasi wa kwanza waliteswa Makka. Karibu na mwaka 615 baadhi yao walivuka Bahari ya Shamu wakakimbilia Uhabeshi, katika ufalme wa Aksum, uliokuwa wa Kikristo tangu karne ya nne. Wakuu wa Makka wakatuma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi warudishwe. Mapokeo yasema mfalme, Najashi, alitaka kwanza kuwasikia wakimbizi wenyewe. Jafar mwana wa Abu Talib akasoma maneno ya Kurani juu ya Mariamu na kuzaliwa kwa Isa. Mfalme akalia, akazirudisha zawadi, wala hakuwatoa.

Mwaka 622 Muhammad alihamia Madina. Hapo mwanzo Waislamu waliswali wakielekea Yerusalemu, kama Wayahudi; mwaka 624 wakaelekea Makka. Ugomvi na makabila ya Kiyahudi ya Madina ukazidi, na damu ikamwagika.

Basi, tuna mambo ya pamoja: Mungu mmoja, Ibrahimu, Musa, sala, kufunga na sadaka. Tofauti nazo hatuzifichi. Kurani humheshimu Isa, lakini hukana kwamba ni Mwana wa Mungu, nao Waislamu hawakubali kwamba alikufa msalabani. Sisi bila msalaba hatuna Injili. Najashi naye hakungoja wakimbizi wale wakubaliane naye katika yote ndipo awafungulie mlango.

Wema ule haukuwa wa upande mmoja. Mwaka 1844 mmisionari Krapf, baada ya kufungiwa mlango Uhabeshi, alifika Mombasa akiwa na barua ya Sultani Sayyid Said ya kumtambulisha. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kadhi wa Mombasa alimsaidia.

Tunayakumbuka pia machozi ya Garissa, Aprili 2015, wanafunzi wetu walipouawa kwa kuwa Wakristo. Hatuwezi kuyasahau. Lakini Desemba ya mwaka ule ule, basi liliposhambuliwa likielekea Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo.

Ndugu, siku jirani atakapobisha hodi kwetu akiwa na hofu, tutafanya nini? Na tuombe.

Ee Bwana, utupe ulimi wa kweli na mlango ulio wazi, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.