Namba na tarehe katika lahajedwali
Hitilafu za umbizo hutokea programu ya lahajedwali inaposoma data kinyume na alivyokusudia mwandishi. Katika orodha za IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, Kisii ni kaunti 045 na Nyamira 046. Excel huzibakisha 45 na 46. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri vivyo hivyo, basi seli ziwekwe kuwa matini kabla ya kuandika. Tarehe ndizo hatari zaidi. Karani wa Nyamira akiandika 3/7/2024 akimaanisha Julai, kompyuta yenye mpangilio wa Marekani huisoma Machi 7, bila onyo lolote. Ikitokea 45476 mahali pa tarehe, tarehe haijapotea: hiyo ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Weka mpangilio wa Kenya kabla ya kuingiza data.