Mariakani: Mji wa Reli Mlangoni mwa Nyika

Mji wa Mariakani uko katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Mombasa, kwenye barabara kuu iendayo Nairobi. Anayeijua Kilifi kwa fukwe za Watamu, magofu ya Gedi na hoteli za Malindi huenda akashangaa kusikia kwamba mji huu nao ni wa kaunti hiyo hiyo. Hauna bahari wala bandari, na Vasco da Gama hakuukaribia. Upande wa Kaloleni na Rabai ni nchi ya minazi na mashamba ya mahindi. Upande wa magharibi huanza nyika ya Maji ya Chumvi, Samburu na Taru, nchi ya miiba, mifugo na ukame. Mariakani umekaa pale nchi hizo mbili zinapokutana. Tangu zamani vitu vingi vimepita hapo, na riziki ya wenyeji imetegemea vile vinavyolazimika kusimama.

Kabla ya reli hapakuwa na mji. Waduruma walichunga na kulima katika nyika hii, wakiwa na kaya zao za msituni, Mtswakara ikiwa miongoni mwazo. Kaskazini walikuwako Wagiriama, na Kaya Fungo ndiyo kitovu chao; mashariki, Warabai. Katika karne ya 19 Wakamba nao walishuka kutoka bara, wengine wakikimbia njaa, wengine wakileta pembe za ndovu pwani, na baadhi yao wakahamia kabisa kati ya Rabai na Duruma. Wajukuu na vitukuu vyao wangali huko, na Kikamba husikika sokoni Mariakani kando ya Kiduruma na Kigiriama. Njia za misafara zilipita katika nyika hii. Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, walifunga safari kuanzia hapo: Rebmann akauona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata.

Reli ya Uganda ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Ilibidi kwanza kuvuka maji kutoka kisiwani hadi bara, kisha kuipanda milima ya Rabai. Baada ya hapo kilichowatesa wajenzi ni kiu, kwani nyika ya Taru haikuwa na maji ya kutosha kwa watu wala kwa injini za mvuke, na ilibidi maji yafuate nyuma kwa mabehewa ya matangi. Wafanyakazi waliotolewa India kwa ujenzi wote walikaribia 32,000, na takriban 2,500 kati yao walifariki. Reli ilifika Voi mwishoni mwa 1897, Nairobi Mei 1899, na ziwani Kisumu Desemba 1901.

Ujenzi huo uliingia katika nchi iliyokuwa ikiteseka. Mnamo 1898 na 1899 mvua zilikosekana na njaa kubwa ikawapata Wamijikenda, yaani Waduruma, Wagiriama, Warabai na ndugu zao. Wazee waliipa jina la Magunia, kwa sababu ya magunia ya mchele ulioletwa kuwaokoa watu. Njaa za awali ziliwalazimu watu kuhama, au kuwaweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani. Safari hii palikuwa na chombo kinachoweza kubeba chakula kingi hadi ndani ya nyika kwa siku moja. Hilo lapasa kukumbukwa na kila anayeihesabu reli kuwa ni mali ya wakoloni peke yao, ingawa ni kweli pia kwamba haikujengwa kwa ajili ya wenye njaa.

Kama ilivyokuwa kwenye stesheni nyingi za njia hiyo, kiini cha mji kilikuwa kidogo: jengo la stesheni, nyumba za wafanyakazi wa reli, kisha maduka. Mahali penyewe palikuwa nje ya ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Ndani ya ukanda, sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwafanya Wamijikenda wengi kuwa maskwota kwenye ardhi waliyoilima, jeraha ambalo Malindi na Kilifi hazijapona hadi leo. Kwa Waduruma na Wagiriama wa nyikani mambo yalikuwa tofauti: nchi yao ilihesabiwa kuwa hifadhi ya wenyeji, na ng'ombe waliendelea kuwa akiba ya familia. Hadi leo mnada wa mifugo ni nguzo mojawapo ya uchumi wa Mariakani.

Tangu mwaka 1957 maji ya chemchemi za Mzima yamepita nyikani kwa bomba refu yakielekea Mombasa. Barabara ya Mombasa ilipotiwa lami katika miaka ya 1960, uzito wa biashara ulianza kuhama kutoka relini kwenda barabarani. Mariakani ukahama nao, ukawa njia panda ya Kaloleni, Kinango na Nairobi. Vikaja kambi ya jeshi na viwanda vya chuma, kikiwamo cha mabati cha Mabati Rolling Mills.

Mizani ya malori kwenye barabara hiyo ndiyo iliyoujulisha mji huu kwa madereva wa Afrika Mashariki nzima. Lori linalotoka bandarini hupanda polepole juu ya mizani, na uzito wa kila ekseli husomwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 56 kwa lori la ekseli saba. Likizidi, huzuiliwa mpaka mzigo upangwe upya au upunguzwe, na mmiliki hutozwa. Foleni ya malori yanayongoja kupimwa ndiyo iliyolisha vibanda vya chai, mama lishe, mafundi wa magurudumu, nyumba za kulala wageni na vijana wanaongoja kazi ya kupakua.

Idadi ya watu imekua kwa kasi. Wilaya za Kilifi na Malindi pamoja zilikuwa na watu 825,855 mwaka 1999. Kaunti ilihesabiwa kuwa na 1,109,735 mwaka 2009 na 1,453,787 mwaka 2019. Kati ya hao, 193,682 walikuwa wa kaunti ndogo ya Kaloleni, ambamo Mariakani umo, na 120,813 wa jirani yao Rabai. Mji wenyewe umetambaa kando ya barabara, na mpaka wa Kwale hauko mbali, hivyo wanaonunua na kufanya kazi hapo ni zaidi ya wakazi wake.

Mwaka 2017 reli ilirudi kwa sura mpya. Treni za abiria za reli ya zamani zilisitishwa, na reli mpya ya kisasa, SGR, ikazinduliwa tarehe 31 Mei, Mariakani ukiwa stesheni ya kwanza baada ya Mombasa. Treni za kaunti kwa kaunti husimama hapo, lakini zile za mizigo hupita bila kununua chai. Serikali ilipoagiza mwaka 2019 mizigo ya Nairobi ipande SGR, wenye malori na wafanyabiashara wa pwani walilalamika vikali kwamba riziki yao imehamishwa bara. Septemba 2022 Rais William Ruto aliagiza ushuru na uondoshaji wa mizigo urudishwe Mombasa, na wamiliki wa mizigo wakapata tena nafasi ya kuchagua kati ya reli na lori.