Chupa ya nguvu ilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Juzi usiku tulipokea mtoto anaharisha siku ya pili, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Mama yake alikuwa akimnywesha enaji "apate nguvu." Sikumgombeza. Chupa imeandikwa nguvu, yeye afanyeje? Mtoto tulimuwahi, anaendelea vizuri. Ila leo tuijue historia ya hizi chupa.

Mwaka 1927 mfamasia wa Newcastle, Uingereza, alitengeneza kinywaji cha glukosi kwa ajili ya wagonjwa. Ndiyo hii Lucozade. Mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, Dk. Robert Cade na wenzake walichanganya maji, sukari na chumvi kwa wachezaji wanaotoka jasho jingi. Ikawa Gatorade.

Enaji ni ukoo mwingine kabisa. Miaka ya 1970 huko Thailand, Krating Daeng ilinywewa na madereva wa malori na vibarua ili wasisinzie. Mwaka 1987 ikaanza kuuzwa Austria kwa jina la Red Bull. Kopo lake la mililita 250 lina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27, karibu vijiko 7 vya chai. Kwetu zikaja za chupa za plastiki, bei rahisi. Simama njia panda ya Usagara uone: dereva wa lori anayo, bodaboda anayo.

Yaani ni kinywaji cha mtu mzima anayepigana na usingizi. Kwa mtoto, kafeini inakimbiza moyo na kumnyima usingizi. Sukari nyingi inavuta maji kwenda kwenye utumbo, kuharisha kunazidi.

Mtoto anayeharisha ana kinywaji chake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, na dripu hazikutosha. Dk. Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Ndiyo hii ORS. Sukari kidogo na chumvi vinaingia mwilini pamoja, na maji yanafuata.

Pakiti ya lita moja, changanya na maji safi lita moja, mpe kwa kijiko kidogo kidogo. Yakipita saa 24, mwaga. Endelea kumnyonyesha. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, mlete hospitali hata kama ni usiku.

Sehemu ya 5: enaji na mama mjamzito.