Kipindi Kisicho na Mtihani

Kule Mtae mpira hautoki nje tu, unateremka. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, kama kilomita 60 kutoka Lushoto mjini, na mahali palipo sawa pa kutosha magoli mawili ni pa kutafuta. Nyuma ya nyumba za mwisho ardhi inakatika. Chini, karibu mita 1,000, imelala nyika ya Mkomazi, vichaka na vumbi mpaka inapoinuka milima ya Upare. Ndiyo maana viwanja vya migongoni huku vina mchezaji asiyehesabiwa: mtoto anayesimama ukingoni ili auwahi mpira kabla haujaanza safari. Akizubaa, mechi inasimama mpaka mtu ashuke, autafute kwenye migomba ya watu, kisha apande nao akihema.

Sasa mtoto wa namna hiyo, aliyepanda na kushuka tangu alfajiri kuja shule, utamfundisha mazoezi ya nini tena? Walimu wa milimani hutaniana hivyo, na utani huo una mizizi mirefu. Shule katika nchi hii imekuwa ikiufundisha mwili kwa zaidi ya miaka 130, ila kwa majina ya kuazima. Mwili umefundishwa kama nidhamu, kama jembe, kama ulinzi wa taifa, kama vita dhidi ya panya na viroboto. Kipindi chenyewe, kile cha Elimu ya Michezo kinachoandikwa kwenye ratiba ya sekondari, kimebaki mtoto wa kambo. Hata jina limekiponza. Kwa Kiingereza somo hili linataja mwili. Sisi tumeliita la michezo, na mzazi akisikia michezo anasikia utani. Acha mchezo, soma!

Kabla ya shule, Wasambaa walikuwa na namna yao ya kuzungumzia afya, nayo haikuanzia kwenye mwili wa mtu mmoja. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na wazee wa huku na kuandika maneno yao, ameeleza jinsi walivyosema juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati, chakula kitoshe, watawala wasigombane. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mtu mgonjwa katika nchi mgonjwa si habari ya kushangaza. Shule ilipofika ilianza upande wa pili kabisa: kwenye kucha za mtoto.

Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, na kutoka hapo wakaenea mabonde na vilele vya jirani, Mtae ikiwemo. Walileta kusoma, kuhesabu na Biblia, na pembeni mwake sabuni na dawa ya vidonda. Chini pwani, mjini Tanga, serikali ya kikoloni ilifungua shule yake miaka ya mwanzo ya 1890, nayo ilijulikana kwa bendi ya matarumbeta na gwaride. Huko kwao Wajerumani walikuwa na historia nzito ya mazoezi. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, Napoleon akiwa bado ameikalia nchi yao, akiamini kwamba vijana wakakamavu ndio watakaoikomboa. Gwaride la Tanga halikuwa na mkombozi ndani yake. Lilikuwa la kuwazoesha amri vijana waliotarajiwa kuwa makarani.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, walikuja na hofu yao wenyewe. Katika vita dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini waligundua kwamba vijana wengi wa mijini kwao hawafai hata kushika bunduki. Wakaunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa miili ya wananchi, iliyotoa ripoti mwaka 1904. Hofu hiyo ikazaa vitabu vya mazoezi ya shule, maarufu zaidi kikiwa cha 1933, ambacho kilisambaa hadi makoloni. Mikono juu, mikono kando, ruka panua. Mtu mzima yeyote aliyesoma Tanganyika anaujua wimbo huo wa filimbi, hata kama hajui kwamba ulitungwa kwa ajili ya watoto dhaifu wa viwandani na si kwa watoto wa wakulima. Kwa wachache waliofika shule kama Tabora, iliyofunguliwa 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, kulikuwa na zaidi: mabweni yanayoshindana, viranja, soka, riadha. Soka lenyewe lilikuwa limeingia kupitia shule za misheni. Wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walikuwa wakilisakata kabla karne ya 19 haijaisha. Wasichana walipewa mpira wa pete, na kwa miaka mingi hawakuongezewa kitu.

Uhuru ulikuja, na mwili ukapewa kazi mpya. Mwaka 1967 ni mwaka wa kukumbukwa katika habari hii. Machi mwaka huo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba, na mwaka uleule Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Ukisoma mambo haya mawili pamoja unaona serikali iliyojali sana miili ya vijana wake. Ukikumbuka shule zenyewe zilivyokuwa, unaona ni kipi kati ya viwili kilishinda. Jembe lilishinda.

Waliosoma miaka hiyo hawahitaji kuelezwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Usambara haujainuka, watoto wako njiani na kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio mkono mwingine. Mchakamchaka kwanza: mistari miwili, peku, kuzunguka kijiji mkiimba, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nyimbo zilikuwa za kumtukana Idi Amin, na zikaendelea kuimbwa miaka mingi baada ya yeye kukimbia nchi yake. Kisha mstarini, ukaguzi. Nyosheni mikono, viganja chini. Kiranja anapita akitazama kucha, anasimama, anainua kola ya shati kwa kijiti, anachungulia shingo. Mwenye kucha ndefu anavuliwa heshima mbele ya shule nzima. Mwenye nywele zisizochanwa anatolewa pembeni. Hapo ndipo mtoto wa Kitanzania alipofundishwa afya, na alifundishwa na mtoto mwenzake.

Sisemi lilikuwa somo baya. Lilikuwa somo la aibu, na aibu hufundisha haraka, ila haielezi. Unajua kukata kucha bila kujua mayai ya minyoo ni kitu gani.

Kueleza kulikuja kwa mlango mwingine, na kwa watu wazima. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12 za vipindi vya redio, vitabu vyepesi, na vikundi vya kusikiliza vijijini. Watu kama milioni 2 walishiriki. Walikaa chini ya miembe na kwenye madarasa ya watoto wao, wakasikiliza kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Sijui kampeni nyingine nchini iliyoacha mashimo mengi namna ile, kwa maana nzuri ya neno. Kilichofanya ifaulu kilikuwa rahisi: kila kipindi kiliisha na kazi ya kufanya kabla ya kipindi kinachofuata.

Milima hii ilikuja kupewa kazi kama hiyo kwa lazima. Aprili 1980 tauni ililipuka Lushoto. Ndiyo tauni ileile ya kwenye vitabu vya Ulaya ya kale. Tauni hasa, bakteria walewale, viroboto walewale wa panya. Kwa zaidi ya miaka 20 ugonjwa ulikuja na kuondoka, ukashika maelfu ya watu na kuua mamia, vijiji vya nyanda za juu vikipigwa zaidi. Ukipanda basi la Lushoto kwenda Mtae unapita katikati ya ramani yake: Viti, Manolo, Lukozi. Gologolo na Shume haziko mbali. Miongoni mwa waliougua zaidi walikuwa wanawake na watoto wa umri wa kwenda shule.

Fikiria nyumba ya Kisambaa ya miaka ile. Mahindi yamewekwa darini, juu ya jiko, moshi uyakaushe na uwafukuze wadudu. Moshi hauwafukuzi panya. Watoto wanalala chini, kwenye mkeka au ngozi, na panya akifa darini viroboto wake wanatafuta damu nyingine. Siku chache baadaye mtoto ana homa kali na mtoki umevimba kwenye kinena au kwapani. Akiwahiwa kwa dawa, anapona. Akicheleweshwa, hufa. Somo lililotakiwa kufundishwa halikuwa la ruka panua. Lilikuwa fupi na la haraka: usilale sakafuni, usishike panya aliyekufa, ukiona panya wanakufa ovyo toa taarifa, ukiona mtoki nenda zahanati leo, si kesho. Watu wa afya walinyunyizia nyumba dawa ya viroboto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakatega panya mashambani na kwenye misitu kujua wanaishi vipi. (Chuo hichohicho baadaye kilikuwa nyumbani kwa panya buku waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya nao wana historia yao ya shule.)

Kwangu mimi tauni ndiyo inayoonyesha elimu ya afya ni nini. Darasani mwanafunzi wa milima hii hakupewa alama yoyote kwa kujua kiroboto anahama lini, lakini nyumbani huenda ndiye pekee aliyejua kwa nini kitanda cha kamba ni bora kuliko mkeka. UKIMWI, ulioonekana nchini kwa mara ya kwanza Kagera mwaka 1983, ulipitia njia ndefu zaidi kufika shuleni. Uliingizwa kwenye Biolojia na Uraia, ukagawanywa mada kwa mada, na mara nyingi mwalimu aliinamia kitabu ilipofika sehemu ambayo wanafunzi walikuwa wakiisubiri.

Michezo nayo ilipanda na kushuka. UMISSETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa msingi yalikuwa mashindano ya kweli: kata, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Kijana wa Mtae aliyeruka vizuri aliweza kulala Tanga mjini kwa mara ya kwanza maishani, akaona bahari kwa gharama ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano hayo yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, lakini watu wa michezo bado wanahesabu kizazi kilichopotea pale, kila timu ya taifa inapofungwa. Hoja yao inatiwa chumvi, nadhani. Hata mashindano yalipokuwepo, yalikuwa ya wachache waliochujwa. Mtoto mnene, mtoto mlemavu, msichana aliyeogopa bukta mbele ya wavulana, wote walikuwa watazamaji. Mashindano hayakuwahi kuwa somo.

Somo lenyewe lipo. Baraza la Mitihani linatahini Elimu ya Michezo kidato cha nne, kwa hiari, na wanaolifanya ni wachache. Linatia ndani anatomia, mifumo ya mwili, huduma ya kwanza, kanuni za michezo. Si jepesi hata kidogo. Walimu wake wametoka vyuo vya Butimba na Malya na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengi wao hufika kituoni wakakabidhiwa Historia au Jiografia, kwa sababu ndizo zina pengo. Shule za msingi zilipata Haiba na Michezo katika mtaala wa 2005, jina lililowachekesha walimu wengi kabla hawajaanza kulifundisha. Kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, mazoezi ya lazima yanawasubiri Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa 1963, likasimamishwa kwao 1994 na kurudi 2013. Miaka 13 darasani, kisha ghafla kukimbia alfajiri na makuruta wenzako.

Mitaala mipya ilianza kutumika 2024, na katika mkondo wa amali michezo imetajwa miongoni mwa fani. Maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu anaweza kusema anasoma michezo kama mwingine anavyosoma ushonaji au uashi, na mzazi akakubali kulipa nauli. Lakini hilo linahitaji mwalimu aliyesomea, mipira inayozidi mmoja, na ardhi iliyo sawa. Viwili vya kwanza serikali inaweza kuvileta kwa lori. Cha tatu, huku juu, kinachimbwa kwa jembe.

Katika shule moja niliyopita, ratiba ya juma ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya walimu. Ijumaa, kipindi cha mwisho, neno Michezo lilikuwa limefutwa kwa kiganja na juu yake kuandikwa Hisabati. Halikufutika vizuri. Ukisimama pembeni, jua la jioni likiingia dirishani, ulikuwa unasoma yote mawili.