Mdororo wa uchumi na afya ya akili

Mdororo wa uchumi ni kipindi ambacho uzalishaji, biashara na ajira hushuka kwa pamoja. Katika kipindi hicho sonona, wasiwasi na vifo vya kujiua aghalabu huongezeka, hasa miongoni mwa waliopoteza kazi na waliozama katika madeni. Hata hivyo, umaskini peke yake hauelezi ongezeko hilo.

Mwanasosholojia Émile Durkheim wa Ufaransa aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu kujiua. Alionyesha kwamba waliojiua mjini Vienna waliongezeka baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1873, ilhali Ayalandi, nchi iliyokuwa fukara, ilikuwa na vifo vichache vya aina hiyo. Kwa maoni yake, kinachomvunja mtu ni kung’olewa ghafla katika mpangilio wa maisha aliouzoea.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya 1929 na 1930, na kaya nyingi zikakosa mshahara. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld, Hans Zeisel na wenzao walifanya uchunguzi huko, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Hawakutosheka na kuuliza maswali. Walipima hata mwendo wa watu barabarani: karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama njiani mara mbili au zaidi, kwa kuwa hapakuwa na pa kuwahi. Maktaba ya kijiji iliacha kutoza ada, lakini vitabu vilivyoazimwa vikapungua kwa karibu nusu, ingawa muda wa kusoma sasa ulikuwa tele. Wanaume walioombwa kuandika shughuli zao za siku walikumbuka kuamka, kula na kulala; saa zilizobaki hawakujua zimekwendaje. Wanawake walikuwa na mapishi, kufua na kushona viraka, na siku zao hazikupoteza umbo. Hata hivyo wengi wao walitamani kurudi kiwandani, na si kwa ajili ya fedha tu.

Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba ajira humpa mtu, mbali na ujira, ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na heshima mbele ya jamii. Hoja hiyo ina nguvu, ila inaweza kupotosha ikisahaulisha tumbo. Marienthal kwenyewe, kaya zilizokata tamaa kabisa ndizo zilizokuwa na kipato kidogo zaidi.

Deni lina uzito wake wa pekee. Nchini Japani, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997, waliojiua walipanda kutoka zaidi ya 24,000 mwaka huo hadi zaidi ya 32,000 mwaka 1998, na ongezeko kubwa likawa kwa wanaume wa makamo. Wengi waliobanwa walikuwa wamekopa kwa riba kubwa, mikopo ambayo Mtanzania angeiita kausha damu.

Finland ilikwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukosefu wa ajira nchini humo ulipanda kutoka takriban asilimia 3 hadi zaidi ya 16, lakini vifo vya kujiua vikapungua. Nchi ilikuwa na mafao kwa wasio na kazi, pamoja na mpango wa taifa wa kuzuia kujiua ulioanzishwa mwaka 1986, kabla ya mdororo kufika.

Japani ilichelewa. Mwaka 2006 ilitunga sheria ya msingi ya kuzuia kujiua, na mwaka huohuo ikarekebisha sheria ya wakopeshaji na kushusha kiwango cha juu cha riba hadi asilimia 20, hatua iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2010. Mwaka 2012 waliojiua walikuwa chini ya 30,000 kwa mara ya kwanza tangu 1997.